Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle: Padri Aliyeanza na Walimu

Ukipita nje ya shule ya msingi asubuhi utasikia darasa zima likisoma kwa sauti moja kilichoandikwa ubaoni. Watoto arobaini au zaidi, mwalimu mmoja, somo moja, kitabu cha aina moja. Tumelizoea jambo hili kiasi cha kudhani kwamba shule imekuwa hivyo tangu zamani. Haikuwa hivyo.

Katika Ufaransa ya karne ya 17, mtoto wa maskini wa mjini, kama alibahatika kupata shule, aliingia chumba kimoja chenye watoto wa kila umri. Kila mmoja alikuja na kitabu chochote kilichopatikana kwao. Mwalimu aliketi mezani, akawa anamwita mtoto mmoja mmoja asome mbele yake kwa dakika chache, na wengine wote wakisubiri, wakicheza au wakipigana. Tena kusoma kulianzia kwenye Kilatini, lugha ambayo mtoto hakuisikia popote isipokuwa kanisani. Mwalimu naye mara nyingi alikuwa mtu aliyekosa kazi nyingine, na aliondoka mara tu alipoipata.

Hali hiyo waliiona watu wengi wa Kanisa. Mtakatifu Pierre Fourier kule Lorraine na padri Charles Démia wa Lyon walikwisha kujaribu njia mpya kabla ya huyu tunayemsimulia, na si haki kumpa yeye peke yake sifa ya kila kitu. Lakini mabadiliko yao yalihitaji watu wa kuyabeba, na hapo ndipo jina la Jean-Baptiste de La Salle, yaani Yohane Mbatizaji de La Salle, linapoingia. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu wote. Jambo la kustaajabisha ni kwamba yeye mwenyewe hakutaka kabisa kuwa mtu wa shule.

Alizaliwa Reims tarehe 30 Aprili 1651, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto kumi na mmoja, ambao saba tu kati yao waliishi. Baba yake alikuwa hakimu wa mahakama ya mfalme, na mama yake, Nicolle Moët, alitoka katika ukoo wenye mali. Kijana huyu alipata kila kitu mapema. Akiwa anakaribia miaka 11 alinyolewa nywele za utawadhi, kama desturi ya wakati ule ilivyokuwa, na akiwa na miaka 15 akawa kanoni wa Kanisa Kuu la Reims, kanisa walilotawazwa wafalme wa Ufaransa. Ukanoni ulikuwa heshima, na ulikuwa pia pato la kila mwaka la maisha. Kwa mwanamume wa tabaka lake njia ilikuwa imekwisha kunyooshwa: kanoni leo, kesho pengine askofu.

Mwaka 1670 alipelekwa Paris, seminari ya Saint-Sulpice. Hakukaa hata miaka miwili. Julai 1671 mama yake alifariki, na Aprili 1672 baba yake akafuata. Kijana wa miaka 20 akaacha seminari, akarudi Reims kuwa mlezi wa wadogo zake na msimamizi wa mirathi. Walio seminarini na ambao wamewahi kuitwa nyumbani kwa msiba wataelewa uzito wa safari ile. Hata hivyo aliendelea na masomo ya teolojia huku akisimamia hesabu za nyumba, na Jumamosi Kuu ya mwaka 1678, tarehe 9 Aprili, akapadirishwa. Miaka miwili baadaye akapata udaktari wa teolojia.

Siku chache tu baada ya upadrisho wake, mlezi wake wa kiroho, kanoni Nicolas Roland, alifariki. Roland alikuwa ameanzisha shirika dogo la masista wa kufundisha wasichana maskini, na katika wosia wake alimwachia La Salle kazi ya kulilinda na kulitafutia kibali cha serikali. La Salle aliifanya kazi hiyo kwa sababu ilikuwa wosia wa rafiki, na alidhani imeishia hapo.

Mwaka 1679, mlangoni kwa masista haohao, alikutana na mzee mmoja mlei kutoka Rouen, Adrien Nyel. Nyel alikuwa ametumwa na mama mmoja tajiri, ndugu wa ukoo wa La Salle kwa ndoa, aende Reims kufungua shule ya bure ya wavulana. La Salle alimshauri namna ya kuanza bila kuamsha upinzani: afanye kazi chini ya kivuli cha paroko mmoja, ili shule ihesabiwe kuwa jambo la parokia. Shule ikaanza parokia ya Mtakatifu Maurice. Ushauri ule ulikuwa wa mtu mwema anayesaidia mgeni kisha arudi kwenye shughuli zake.

Lakini Nyel alikuwa na kipaji kimoja na udhaifu mmoja, na vyote viwili vilikuwa ni kitu kilekile: alipenda kufungua shule. Akiifungua moja, macho yalikuwa tayari kwenye nyingine. Walimu aliowaacha nyuma walikuwa vijana wasio na elimu kubwa, bila ratiba, bila mtu wa kuwaelekeza. Kelele zikazidi madarasani. La Salle aliona kwamba tatizo la shule zile halikuwa watoto, wala majengo, wala hata fedha. Walimu wenyewe hawakuwa wamefundishwa, na hakuna aliyefikiri kwamba wanastahili kufundishwa.

Akaanza kidogo kidogo. Aliwakodishia nyumba karibu na kwake. Kisha akawaalika kula mezani kwake. Kisha, tarehe 24 Juni 1681, akawahamishia nyumbani kwake, katika nyumba ya hakimu de La Salle.

Ni vigumu kwetu leo kuhisi aibu ambayo ukoo uliiona siku ile. Mwalimu wa shule ya maskini alikuwa mtu wa chini kabisa. La Salle mwenyewe alikuja kukiri baadaye, katika maandishi aliyoyaacha, kwamba mwanzoni aliwaona walimu hao kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani, na kwamba kama angalijua mapema kuwa kazi ile ingemlazimu kuishi nao, asingaliigusa. Jamaa walikasirika na kuwaondoa baadhi ya wadogo zake, wasije wakalelewa pamoja na watu wa aina ile. Waandishi wa mwanzo wa maisha yake wanasimulia pia habari ya chakula. Kanoni aliyezoea meza nzuri hakuweza kumeza walichokula walimu, tumbo lilikataa. Akajifungia na kukaa bila kula hadi njaa yenyewe ikamfundisha kula kila kilichowekwa mezani. Mwaka uliofuata alihama kabisa nyumba ya baba yake, akaenda kupanga na walimu katika mtaa mwingine wa Reims.

Ndipo walimu wakamuuliza swali ambalo hakuna profesa wa Sorbonne aliyewahi kumuuliza. Walikuwa na wasiwasi wa maisha yao: wakizeeka au wakiugua, nani atawatunza? La Salle aliwahubiria kuhusu Maongozi ya Mungu, anayewalisha ndege na kuyavika maua. Walimu walimsikiliza, kisha wakamjibu kwa adabu lakini bila kuficha kwamba maneno hayo ni rahisi kwa mtu mwenye ukanoni na mirathi. Shule zikifungwa kesho, yeye bado atakula. Wao watakuwa barabarani.

Hakuwa na jibu. Alikwenda Paris kuomba shauri kwa padri Nicolas Barré, mtawa wa shirika la Waminimi, aliyekuwa na uzoefu wa shule za maskini, naye akamshauri aache vyote. Wazo la kwanza la La Salle lilikuwa kutumia mali yake kuziwekea shule mfuko wa kudumu. Kwa hesabu za kawaida lilikuwa wazo zuri, na wengi wetu tungalishangilia. Barré aliliona kuwa ni kuwaondolea walimu imani ileile waliyokuwa wakihubiriwa. Mwaka 1683 La Salle alijiuzulu ukanoni. Ukoo ulitazamia angalau ampe mdogo wake Jean-Louis, ambaye naye alikuwa katika njia ya upadri. Akampa padri fukara asiye wa jamaa. Kisha njaa kali ikaupiga mkoa wa Champagne, na mali yake aliigawa kwa njia ya mikate, siku baada ya siku, hadi ikaisha.

Tangu hapo mwalimu alipomsikia akihubiri juu ya Maongozi ya Mungu hakuwa na la kumjibu.

Walimu wakaanza kuitwa mabruda. Walichagua vazi lao: kanzu nyeusi nzito, joho la kitambaa cha bei rahisi na viatu vya ngozi nene kama vya wakulima. Watu wa Reims waliwazomea barabarani. Mwaka 1686 baadhi yao waliweka nadhiri ya utii, na La Salle akawasihi wachague mkubwa wao kutoka miongoni mwao. Wakamchagua Bruda Henri L'Heureux. Padri, daktari wa teolojia, kanoni wa zamani, akawa anamwomba mlei ruhusa ya kutoka nje. Wakubwa wa jimbo waliposikia walifadhaika, wakamwamuru ashike tena uongozi. Alitii, lakini wazo hilo hakuliacha, na msomaji atakutana nalo tena.

Tukiingia sasa darasani, tunaweza kuona alichokibadilisha. Mabruda waliwagawa watoto kwa viwango. Waanzao walisoma kwenye jedwali kubwa la herufi lililotundikwa ukutani, kisha jedwali la silabi, kisha kitabu cha kwanza, cha pili, na kuendelea. Wote wa kiwango kimoja walikuwa na kitabu kimoja. Mmoja aliposoma kwa sauti, wenzake walifuata kimyakimya kwenye nakala zao, na yeyote angeweza kuambiwa aendelee pale pale mwenzake alipoachia. Mwalimu hakupiga kelele. Alikuwa na kifaa kidogo cha mkononi chenye kutoa mlio. Mlio mmoja ulimaanisha simama; miwili ya haraka, umekosea, rudia. Kwa mitihani iliyofanyika mara kwa mara mtoto alipandishwa kiwango kinachofuata akiwa tayari. Kulikuwa na daftari za mahudhurio, na daftari za tabia, ambamo mwalimu aliandika mtoto ni wa namna gani, anajifunza upesi au polepole, nyumbani kwao kukoje. Watoto walikuwa na madaraka: mmoja alipiga kengele, mwingine aliongoza sala, mwingine aligawa karatasi, mwingine alishika ufunguo. Viranja wetu wana babu wa mbali pale Reims.

Hata kifungua kinywa kiliingizwa katika somo. Watoto walikula mkate wao darasani, wakijifunza kula kwa adabu, na mmoja wao alipita na kikapu ili mwenye ziada ampatie asiye na kitu. Mtoto aliyekosa kuja shule hakuchapwa kwanza. Mwalimu alitakiwa kujua sababu, na mara nyingi sababu ilikuwa ni mzazi. Yote haya yaliandikwa katika kitabu cha mwongozo wa shule kilichoandaliwa na La Salle pamoja na mabruda wenye uzoefu, baada ya kujaribu, kujadiliana na kusahihisha kwa miaka mingi. Nakala ya mkono ya mwaka 1706 ipo hadi leo; kilipigwa chapa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ni kitabu kisicho na nadharia hata kidogo. Kinaeleza mtoto aketi vipi anapoandika.

Je, fimbo ilikuwepo? Ilikuwepo, na hakuna sababu ya kuficha. Kulikuwa na kipande cha ngozi cha kuchapia kiganja. Lakini kitabu kilekile kinaizungushia adhabu hiyo masharti mengi: isitolewe kwa hasira, mwalimu asimpige mtoto kwa mkono wala teke, asimwite majina ya dharau. Shule iliyochapa sana ilihesabiwa kuwa imeharibika. Kwa wakati ule huo ulikuwa upole.

Badiliko lililoleta mjadala mkubwa lilikuwa la lugha. La Salle aliamua mtoto aanze kusoma Kifaransa, na Kilatini kifuate baadaye. Mwaka 1699 mabruda walipofungua shule Chartres, askofu wa pale, Paul Godet des Marais, aliyesoma naye Saint-Sulpice, alitaka desturi ya zamani ifuatwe. La Salle akamwandikia hoja zake. Mtoto wa maskini, alieleza, hukaa shuleni muda mfupi tu, kwa sababu akipata nguvu kidogo wazazi humtoa akatafute riziki. Ukimwanzisha kwa Kilatini ataondoka akiwa hajui Kilatini wala Kifaransa. Ukimwanzisha kwa lugha yake atajifunza kwa haraka, atasoma katekisimu mwenyewe hata akiwa mtu mzima, na akitaka Kilatini atakipata kwa wepesi. Askofu alishawishika. Sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu Kiswahili na Kiingereza madarasani tungefaidika kuisoma hoja ile, hata kama hatutafika mahali pamoja.

Maparoko wa vijijini waliposikia habari za shule zake walimwandikia wakiomba bruda mmoja. Aliwakatalia. Kanuni ilikuwa kwamba bruda haendi kufanya kazi peke yake; walikwenda angalau wawili, waishi kijumuiya. Kijiji hakikuweza kulisha wawili. Badala ya kuvunja kanuni, akawaambia maparoko wamletee vijana wa vijijini mwao, awafundishe na kuwarudisha. Hivyo katikati ya miaka ya 1680 kukazaliwa Reims nyumba ya kuwaandaa walimu wa vijijini, mojawapo ya vyuo vya ualimu vya mwanzo kabisa Ulaya. Walijifunza kusoma, mwandiko, hesabu, na pia nyimbo za kanisa, maana mwalimu wa kijiji ndiye aliyemsaidia paroko ibadani.

Mwaka 1688 alihamia Paris, parokia ya Saint-Sulpice, na huko matatizo yakaanza kwa kweli. Shule za mabruda hazikutoza ada. Chama cha walimu wa mwandiko, waliokuwa na haki ya kisheria ya kufundisha kuandika kwa malipo, kiliona wanafunzi wake wakihama. Wakamshtaki kwamba miongoni mwa watoto anaowafundisha bure wapo wanaoweza kulipa. Ilikuwa kweli, naye hakutaka kuwachuja, kwa sababu shule ya watoto wenye cheti cha ufukara tu ingewabandika aibu wale aliotaka kuwainua. Kesi zilirudi mara kwa mara kwa miaka mingi, na mwaka 1704 vifaa vya darasa vilichukuliwa.

Lakini jeraha lililobadilisha shirika zima lilitoka ndani. La Salle alikuwa bado anatafuta namna ya kuwaachia mabruda uongozi. Ikiwa wakubwa wa Kanisa hawakubali mlei awe mkuu juu ya padri, basi bruda mmoja apadirishwe. Akamteua tena Henri L'Heureux, akampeleka kusoma teolojia, na kijana akafanya vizuri sana. Mnamo mwaka 1690, wakati upadrisho unakaribia, Henri aliugua Paris. La Salle alikuwa Reims. Alipopata habari alisafiri haraka, akakuta rafiki yake amekwisha kuzikwa. Wanasimulia kwamba alilia kama mtoto.

Alipotulia alifikia uamuzi ambao kwetu seminarini unapaswa kusomwa taratibu. Aliamua kwamba katika shirika lake hapatakuwa na padri. Bruda asipadirishwe, na wala asifundishwe Kilatini kwa nia hiyo. Hakusema hivyo kwa kuudharau upadri. Aliadhimisha Misa kwa ibada iliyowafanya watu wakae kimya, na watu walimtafuta kwa maungamo. Aliona tu kitakachotokea. Padri ndani ya jumuiya ya walimu angekuwa wa kwanza, na darasa lingekuwa la pili. Mwenye akili kuliko wenzake angetamani altare, na kufundisha watoto wa wafua vyuma kungebaki kazi ya walioshindwa. Alitaka ualimu uwe wito unaojitosheleza, mtu autolee maisha yake yote pasipo kungojea kitu kingine juu yake. Nimejiuliza mara nyingi ni padri gani leo angeweza kufikiri hivyo kuhusu kazi anayoiongoza.

Wakati huo shirika lilikuwa linakufa. Wengine walikuwa wameondoka, wengine wamezikwa, yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Tarehe 21 Novemba 1691, sikukuu ya Kutolewa Bikira Maria Hekaluni, aliwachukua mabruda wawili, Nicolas Vuyart na Gabriel Drolin, na kwa siri watatu hao wakaweka nadhiri ya kutoiacha kazi ya shule hata wakibaki wao tu, hata wakilazimika kuombaomba na kuishi kwa mkate mtupu. Vuyart aliacha baada ya miaka zaidi ya kumi, akabaki na chuo cha walimu alichokabidhiwa na pesa zake. Drolin alitumwa Roma mwaka 1702, ili mizizi ya shirika iguse kiti cha Petro, na huko aliishi kwa sehemu kubwa ya muda huo peke yake, akifundisha watoto na kupokea barua. Mwaka 1694 La Salle na mabruda kumi na wawili waliweka nadhiri za daima.

Akaendelea kujaribu mambo. Paris alifungua shule ya Jumapili kwa vijana wafanyakazi, wakafundishwa hesabu, jometri na kuchora kabla ya katekesi. Ilikufa baada ya mabruda wawili waliofundishwa ufundi huo kuliacha shirika, wakijua sasa wanaweza kupata mshahara mzuri mahali pengine. Saint-Yon, karibu na Rouen, aliweka shule ya bweni kwa wana wa wafanyabiashara, bila Kilatini, yenye masomo ya kuweka hesabu za biashara na jiografia, na kando yake nyumba ya kurekebisha vijana watukutu.

Mwaka 1702 Kardinali de Noailles, Askofu Mkuu wa Paris, alijaribu kumwondoa na kumweka padri mwingine kuwa mkuu. Mabruda, watu waliofunzwa utii, walikataa katakata. Padri yule alibaki na cheo cha jina tu. Kesi iliyomwumiza zaidi ilikuja mwaka 1712. Kijana mmoja wa ukleri alikuwa ameahidi fedha za kununua nyumba ya chuo cha walimu huko Saint-Denis. Baba yake akafungua mashtaka, na mahakama ikamhukumu La Salle kama mtu aliyemlaghai mwana asiyetimiza umri wa kisheria. Akaondoka Paris, akaelekea kusini. Marseille nyumba ya unovisi ilivunjika. Akaanza kuamini kwamba yeye ndiye kikwazo cha kazi ya Mungu. Grenoble alishika darasa la watoto wadogo mahali pa bruda aliyemtuma safari, daktari wa teolojia akielekeza kidole kwenye herufi. Kisha akapanda kilima cha Parménie, palipokuwa na mahali pa upweke na sala, na huenda angebaki huko.

Barua iliyomfikia ilikuwa ya tarehe 1 Aprili 1714. Mabruda wakuu wa Paris, Versailles na Saint-Denis walimwamuru, kwa jina la shirika ambalo aliliahidi utii, arudi mara moja kuliongoza. Aliisoma kwa mshangao. Walei walikuwa wamemwamuru padri na mwanzilishi wao, naye ndiye aliyewafundisha kwamba wana mamlaka hayo. Mwezi Agosti alikuwa Paris, mbele yao, akiuliza wanataka afanye nini.

Mei 1717 mabruda walikutana Saint-Yon na kumchagua Bruda Barthélemy kuwa mkuu. Safari hii hakuna aliyeuzuia uchaguzi huo. La Salle alihamia chumba kidogo, akaomba ruhusa kwa kila jambo, akaandika na kuungamisha. Hata uungamishaji huo hakuachiwa hadi mwisho: kwa sababu ya ugomvi kati ya nyumba ya Saint-Yon na paroko wa pale, jimbo kuu la Rouen lilimnyang'anya ruhusa hiyo siku chache kabla ya kufa. Alifariki alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719, na kuzikwa siku iliyofuata. Mabruda walikuwa wapatao mia moja.

Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1900, na sikukuu yake ni tarehe 7 Aprili. Mabruda wake wapo hata Afrika Mashariki, Kenya na Rwanda miongoni mwa nchi nyingine, wakifundisha watoto na kuandaa walimu. Lakini kibali ambacho yeye mwenyewe hakukiona kilikuja mapema kuliko hayo yote, mwaka 1725, Papa Benedikto XIII alipolithibitisha shirika kwa Bulla, pamoja na kanuni yake kwamba mabruda hawatakuwa mapadri. Gabriel Drolin, wa mwisho kati ya wale watatu wa 1691, alikuwa bado yuko Roma.